Jina la pengwini: jibu kwa mnaouliza kutoka nyumbani

Ndugu zangu watazamaji, tangu nitaje kwa kupita tu kwamba jina la pengwini huenda lilizaliwa hapa Wales, swali ni lilelile kila siku: Wales na pengwini wapi na wapi? Na wapo wanaodai nimeanza kujigeuza Mzungu. Sijigeuzi, Kiwelisi changu kidogo, yaani lugha ya Wales, nilifundishwa na fomu.

Mwaka wangu wa kwanza Cardiff, mji mkuu wa Wales, nilijaza fomu ya lugha mbili na, kwa haraka, kwenye kipengele cha asili ya mtu nikatia alama kisanduku cha kwanza, "Gwyn". Fomu ilirudishwa, nikalipa ada upya, na hadi leo sijarudishiwa hata senti. Kumbe "gwyn" ni nyeupe! "Pen" nayo ni kichwa au kilele, kama Pen y Fan, mlima wa mita 886. Ukiyaunganisha unapata kichwa cheupe, sifa ikifuata nomino kama kwetu, na nomino ikiwa ya kike sifa hugeuka "gwen". Ireland, ambako sauti ya kale iliyozaa "p" ya Wales iligeuka "k", kichwa ni "ceann".

Aliyeitwa pengwini mwanzoni hakuwa yule wa kusini, bali ndege mwingine asiyeruka wa Atlantiki ya Kaskazini, aitwaye "great auk" kwa Kiingereza, ambaye jozi yake ya mwisho kuonekana ikitaga iliuawa kisiwani Eldey, Iceland, mwaka 1844. Mabaharia waliozoea kumla huko Newfoundland, kisiwa cha Kanada ya leo, walipowakuta wa kusini wanaofanana naye, wakawapa jina lilelile. Mwaka 1583 Mwingereza George Peckham alilitumia neno hilo kudai kwamba Madoc, mwana wa mfalme wa Wales, aliitangulia Hispania kufika Amerika, hivyo Uingereza ina haki na ardhi ile. Yaani ndege akafanywa hati ya kiwanja.

Kikwazo ni kwamba kichwa cha ndege huyo wa kaskazini kilikuwa cheusi, chenye baka jeupe tu mbele ya jicho. Ndiyo maana wengine husema kilichoitwa kichwa cheupe ni rasi au kisiwa walikoishi, na wengine hulipeleka neno kwenye Kilatini "pinguis", mnono. Mimi naegemea kisiwa, lakini hayo ni yangu, msije mkanishtaki.

Asiyetaka mabishano ya majina amtazame shakwe, "gwylan" kwa Kiwelisi na "gouelan" kwa Kibretoni, lugha ndugu yake iliyoko Ufaransa, ambaye juzi alininyang'anya chipsi za pauni nne hapa ghubani.