Pindo, Mji na Jina: Karatasi za Maua Kwenye Albamu ya Picha

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo tunazungumzia karatasi za maua za kupambia albamu: zenye mauamaua, madoadoa, mistari, korosho. Wengi wanazinunua, halafu zinakaa kwenye bahasha miaka kwa sababu mtu anaona uchungu kuzikata. Kaka Baraka, mtu aanzie wapi?

BARAKA: Aanze na picha, dada, si karatasi. Ukianza na karatasi uliyoipenda, picha itamezwa. Weka picha juu ya karatasi, zipige pamoja kwa simu, kisha igeuze hiyo picha ya simu iwe nyeusi na nyeupe. Kama nyuso za watu na karatasi zimetoka kijivu kilekile, basi karatasi hiyo haifai kukaa chini ya picha hiyo. Nyekundu na kijani zinaweza kuonekana mbali kabisa, kumbe weusi na weupe wake uko sawa.

ZUHURA: Na kama ameshaipenda?

BARAKA: Atenganishe kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi, ichomoze nusu sentimita kila upande wa picha. Jicho linapata pa kupumzika, na picha haigusani na karatasi ambayo huenda ikageuka njano na kuiachia doa.

ZUHURA: Tuje kwenye mpangilio, maana hapo ndipo watu wanapokwama. Mimi nasema mwalimu tunaye kabatini: kanga. Pindo linazunguka pande nne, mji uko katikati, jina limekaa chini ya mji. Ukurasa wa albamu unataka hivyo hivyo.

BARAKA: Hapo umenigusa. Tuuhesabu kabisa, ukurasa wa manila wa A4, sentimita 21 kwa 29.7. Pindo liwe na upana wa sentimita 2.5. Mji unabaki 16 kwa 24.7. Picha ya kawaida ya studio ni 10 kwa 15. Ukiiwekea ule ukingo mweupe inakuwa 11 kwa 16. Iweke sentimita 2.5 kutoka pindo la juu, na pembeni zitabaki 2.5 kila upande. Chini inabaki sentimita 6.2. Hapo ndipo pa jina: nani, wapi, tarehe.

ZUHURA: Na jina liandikwe kwenye karatasi isiyo na maua, tafadhali. Maandishi juu ya maua hayasomeki, hata mwandiko uwe mzuri vipi.

BARAKA: Karatasi moja ya A4 ukiikata kwa urefu inatoa vipande 8 vya sentimita 2.5. Ukurasa mmoja unakula vinne. Kwa hiyo karatasi moja ni kurasa mbili zinazotazamana, pindo lilelile.

ZUHURA: Doti nzima!

BARAKA: Doti nzima, kwa karatasi moja. Ila chagua maua yasiyo na juu wala chini. Ukitumia ndege waliosimama, vipande vya pembeni watasimama, vya juu na chini watalala ubavu.

ZUHURA: Sasa pembe. Watu wanapandishia kipande juu ya kingine, basi. Kwenye mistari inaonekana vibaya sana.

BARAKA: Pembe inataka subira. Bandika vipande vinne, lakini ncha zake, sentimita 4 hivi, usizitie gundi. Ziache zipandiane. Ingiza kadi ngumu chini yake ili usikate manila. Laza rula ya chuma kutoka kona ya nje ya ukurasa hadi kona ya ndani ya pindo, kisha kata vipande vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Toa pembetatu ya juu, inua, toa na ya chini. Vinakutana kama vilizaliwa pamoja. Wembe uwe mpya. Butu unavuta nyuzi za karatasi na ukingo unatoka na manyoya. Na kama vipande vimepishana upana hata milimita 2, ule mshazari utaegemea upande mmoja.

ZUHURA: Kwa karatasi ya mistari niongeze hili: usipime kutoka ukingo wa karatasi. Mara nyingi chapa imekaa upande kidogo. Pima kutoka kwenye mstari uliochapwa.

BARAKA: Sahihi kabisa. Halafu kuna ukubwa wa ua. Ua la sentimita 8 ukilikata kipande cha 2.5 linageuka madoa yasiyoeleweka. Ua kubwa likate lenyewe kwa mkasi mdogo, ulibandike kwenye kona ya picha. Pindo liachie maua madogo.

ZUHURA: Wasikilizaji wanauliza, karatasi hizi haziko kila mji. Wafanye nini?

BARAKA: Waende steshenari na kanga yao. Ilaze juu ya kioo cha mashine ya fotokopi, punguza hadi asilimia 50, ua linakuwa nusu. Toa kwenye karatasi ya rangi. Wino wa fotokopi ni unga ulioyeyushwa kwa joto, haumwagiki ukigusa gundi. Printa za wino wa maji ndizo zinazochuruzika.

ZUHURA: Karatasi za kufungia zawadi je?

BARAKA: Ni nyembamba mno. Gundi ya maji inazikunja papo hapo, na kwingine rangi inapenya. Tumia selotepu ya pande mbili, tena karatasi uibandike kwanza juu ya manila, ndipo ukate. Hata karatasi nzito, gundi ya maji inaifanya ivimbe kisha ijikunje ikikauka. Kama huna nyingine, paka nyembamba, funika kwa karatasi safi, weka vitabu vizito juu yake usiku kucha. Wa Tanga, Mombasa na Unguja msiharakishe kufunga albamu. Hewa ya bahari inachelewesha kukauka.

ZUHURA: Na mtu akitaka kutandika karatasi ya maua ukurasa mzima?

BARAKA: Atandike, lakini kabla ya kubandika picha, aikate sehemu itakayofichwa. Chini ya ile 11 kwa 16, toa kipande cha 9 kwa 14; sentimita moja inabaki kila upande ya kushikia. Albamu haivimbi, na kile kipande kinatoa vipande vitatu vya upana wa sentimita 3, vya kupambia ukurasa unaofuata.