Hela Iliyogeuka Bangili: Mhadhara juu ya Fedha na Feruzi za Wanavajo

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, hasa vijana mliokosa viti mkakaa sakafuni, asanteni kwa kuja.

Nitaanza na neno letu wenyewe. Tukisema "fedha", tunataja hela ya mfukoni, na papo hapo tunataja madini meupe ya bangili za bibi zetu. Neno ni moja. Naomba mlishike, maana watu ninaotaka kuwasimulia leo, Wanavajo wa kusini-magharibi mwa Marekani, wameziishi maana zote mbili kwa wakati mmoja. Walichukua hela wakaifanya bangili, na siku ya shida bangili ikarudi kuwa hela.

Wenyewe hujiita Diné, yaani watu. Nchi yao ni kame, miamba yake myekundu, na imeenea Arizona, New Mexico na Utah. Kwa imani yao imezungukwa na milima minne mitakatifu, na kila mlima una kito chake. Wa kusini, Tsoodził, ambao ramani huuita Mount Taylor, ni mlima wa feruzi.

Feruzi ni jina la Kiajemi, asili yake ni ushindi, na kwetu pwani limekuwa hata jina la watu. Jiwe lenyewe hutokea nchi kavu, pale maji kidogo yanapopenya polepole kwenye mwamba wenye shaba. Shaba ndiyo inayolipa ubuluu. Chuma kikizidi, jiwe huelekea kijani. Wanavajo na majirani zao wamevaa feruzi tangu kale, shanga na vipuli, muda mrefu kabla mhunzi yeyote miongoni mwao hajashika nyundo. Kwa hiyo katika ndoa hii jiwe ndilo mwenyeji, na fedha ni mgeni aliyefika karne ya 19.

Mgeni huyo aliletwa na mtu tunayemjua kwa jina. Aliitwa Atsidi Sani, maana yake Mhunzi Mzee, aliyezaliwa karibu mwaka 1830. Alijifunza kwa fundi wa Kimexico, tena alianzia kwenye chuma. Alitaka kutengeneza lijamu za farasi ili watu wake wasizinunue kwa wageni. Baadaye aliwafundisha wanawe, nao wakafundisha wengine.

Lakini kabla ufundi haujakomaa, likaja balaa. Jeshi la Marekani, likiongozwa na Kit Carson, lilichoma mashamba na kukata miti ya mapichi katika bonde la Canyon de Chelly. Mwaka 1864 maelfu ya watu walitembezwa kwa miguu, zaidi ya kilomita 480, hadi kambi ya Bosque Redondo huko New Mexico. Wengi walikufa njiani, na wengi zaidi wakafia kambini kwa njaa na maradhi. Chakula kiligawiwa kwa vipande vya karatasi ngumu. Wafungwa wakaviiga. Jeshi likabadili, likaleta vipande vya chuma vilivyopigwa muhuri. Wahunzi wa Kinavajo wakaviiga navyo, na watoto wakala. Nikiwafikiria mafundi wale huwa nasimama hapo. Mkono uliokuja kutengeneza mikufu inayowekwa kwenye makumbusho, ulipata mafunzo yake katika kutafuta unga wa watoto.

Tarehe 1 Juni 1868 mkataba ulitiwa saini, wakarudi kwao. Wakafuga kondoo, wakauza sufu na mablanketi, wakalipwa sarafu. Sarafu ya dola ya wakati ule ilikuwa fedha sehemu 90 kwa mia. Wakaziyeyusha. Serikali ilipokataza sarafu zake kuharibiwa, wakahamia peso za Mexico. Wenye asili ya Oman hapa hawatashangaa, maana masonara wa kule waliziyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria, vivyo hivyo.

Sasa ingieni nami kwenye karakana. Daktari mmoja wa jeshi, Washington Matthews, aliwakalia mafundi wawili miaka ya mwanzo ya 1880 na kuandika kila alichokiona, na mimi namshukuru sana kwa uvumilivu wake. Mvukuto ni ngozi ya mbuzi. Fuawe ni kipande chochote cha chuma kizito, hata bolti ya gari la farasi, kilichosimikwa kwenye gogo. Fedha inayeyushwa kwenye chungu kidogo cha udongo, inamiminwa kwenye kalibu iliyochongwa katika jiwe laini, kisha inafuliwa. Fedha ikifuliwa sana hukakamaa na kupasuka, basi fundi huirudisha motoni ilainike, akafua tena, akairudisha tena. Wakati wa kulehemu hawana gesi wala jiko la maana. Wana tambi nene la matambara lililoloweshwa mafuta ya kondoo, na bomba jembamba la shaba. Fundi anapuliza mwali kwa mdomo, mashavu yamejaa, na pumzi isikatike mpaka lehemu itiririke. Yeyote aliyewahi kuwasha mkaa uliolowa anaelewa kidogo tu ya kazi hiyo.

Nakshi walizipiga kwa mihuri waliyoitengeneza wenyewe kutokana na tupa na patasi chakavu. Mpaka leo muhuri mzuri hurithiwa, mtoto akapiga nakshi ile ile aliyoipiga babu yake.

Kuweka feruzi juu ya fedha kulianza karibu mwaka 1880. Ndipo ukashamiri ule mkufu mashuhuri ambao wageni huuita wa maua ya boga, wenye hilali inayoning'inia chini, ncha zake zikitazama ardhi. Wanavajo huiita naja. Hilali hiyo waliiona kwenye hatamu za farasi wa Wahispania, na Wahispania waliipata kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini waliotawala Andalusia, kusini mwa Hispania. Na yale "maua ya boga" watafiti wengi huyaona kuwa ni makomamanga, pambo la Kihispania. Mji wa Granada jina lake ndilo hilo, komamanga. Umbo lilivuka bahari juu ya paji la farasi, likashushwa kifuani mwa mama wa Kinavajo, na likawa lake.

Kifuani ndipo hazina ilipokaa. Majira ya baridi familia ilichukua mkanda wa fedha ikauweka rehani dukani, ikapata unga, kahawa na sukari. Sufu ikikatwa, wanaenda kuugomboa. Mwenye duka mwungwana aliwaazima hata mkanda uliokuwa rehani ili wauvae kwenye sherehe, na ulirudi. Mkanda usiogombolewa uliuzwa, na mikanda mingi ya makumbusho tunayoistaajabia iliwatoka watu kwa njia hiyo. Mnapoiona nyuma ya kioo, ujueni na msiba wake.

Kutoka 1899 kampuni ya Fred Harvey, iliyowahudumia abiria wa reli, iliagiza vito vyepesi vya kuwauzia watalii. Bangili zikawa nyembamba. Sizidharau, zililisha nyumba nyingi.

Ninachokilaumu kwa moyo wote ni bandia. Pete yangu ya kwanza niliuziwa kama feruzi ya Kinavajo. Ndani ya miezi mitatu sabuni iliichubua, chini yake pakatokea jiwe jeupe lililotiwa rangi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kwa uongo kwamba kimetengenezwa na Wahindi Wekundu, na adhabu yaweza kufika faini ya dola 250,000 na kifungo cha miaka 5. Hata hivyo mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa Albuquerque alihukumiwa miezi 6 tu kwa kuuza vito vilivyotoka Ufilipino. Kila bandia inayouzwa humshushia bei mama aliyeketi na kazi ya mikono yake, na ile kazi ndiyo akiba yake, ndiyo karo, ndiyo petroli ya gari.

Bangili hii nilinunua Santa Fe, kwenye baraza ya lile jengo la zamani la magavana, ambako wauzaji hutandika vitambaa chini na hairuhusiwi kuuza ila kazi yenye alama ya aliyeitengeneza. Mama aliyeniuzia hakunisifia jiwe. Aliigeuza bangili akanionyesha upande wa ndani kwanza.

Naanza kuizungusha kutoka safu hii ya mbele. Ipokeeni kwa mikono miwili, ni nzito kuliko inavyoonekana. Ndani, karibu na ncha, kuna herufi mbili ndogo. Zipapaseni kwa kidole gumba, kisha mpe aliye jirani yako.