Baraiti, Risasi na Zinki: Jinsi Hazina ya Red Dog Ilivyofanyika

AKELLO: Karibuni wasikilizaji, tukiwa hapa Kampala. Mwenzangu Tumwine ameniwekea mezani jiwe jeupe lenye ukubwa wa ngumi, nami nilipolinyanyua mkono ulinishuka, maana nilitarajia uzito wa chokaa.

TUMWINE: Hiyo ni baraiti, dada, madini ya metali ya bariamu na salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni. Uzito wake ni mara 4.5 ya ule wa maji ya ujazo uleule, ilhali mawe mengi ya kawaida hayafiki mara 3. Ukilidondoshea tindikali halitoi povu kama chokaa. Wachimbaji wa visima vya mafuta huisaga na kuichanganya katika tope la kuchimbia, ili uzito wa tope ukabiliane na shinikizo linalotoka chini ya ardhi.

AKELLO: Nayo Red Dog, hazina ya zinki na risasi ambamo baraiti hii imo, iko wapi?

TUMWINE: Iko kaskazini-magharibi mwa Alaska, katika safu ya milima ya Brooks. Barabara yake ni moja tu, ya kilomita 84 hivi hadi bandarini, na barafu ya Bahari ya Chukchi huziachia meli njia kwa takriban siku 100 tu kwa mwaka. Rubani Bob Baker aliona kutoka angani vijito vyenye rangi ya kutu. Mjiolojia wa serikali, Irv Tailleur, akaenda kupima na kutoa ripoti mwaka 1970. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 1989, katika ardhi ya Wainupiati, wenyeji wa asili wa huko.

AKELLO: Kutu hiyo inanikumbusha Kilembe, magharibi mwa Uganda, ambako mabaki ya mgodi wa shaba yenye piraiti, madini ya chuma na salfa, huoza kandokando ya Mto Nyamwamba.

TUMWINE: Kemia ni ileile, ila Red Dog hapakuwa na aliyechimba. Madini yalikuwa juu ya ardhi, yakikutana na hewa na mvua, na maji ya kijito yakawa na metali nyingi kabla ya mgodi wowote.

AKELLO: Basi tueleze, kaka, yalifikaje hapo?

TUMWINE: Yapata miaka milioni 340 iliyopita hapo palikuwa sakafu ya bahari, penye matope meusi yaliyojaa mabaki ya viumbe. Bariamu na salfeti haziwezi kusafiri pamoja katika maji, kwani zikikutana tu hugandamana na kuwa baraiti. Kwa hiyo bariamu ilipanda kutoka ndani ya matope, ikakutana na salfeti ya bahari, na baraiti ikajijenga karibu na sakafu. Baadaye yakaja maji ya moto yenye chumvi nyingi, yaliyobeba zinki na risasi kutoka kwenye miamba ya chini, yakapenya humo na kuila baraiti, yakiacha mahali pake sfaleraiti, madini ya zinki na salfa, na galena, madini ya risasi na salfa.

AKELLO: Kumbe baraiti ilikuwa mwenyeji aliyeliwa na wageni!

TUMWINE: Tena inaelekea sehemu ya salfa waliyohitaji ilitoka kwake. Mimi naona hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika hazina hii. Sasa shika huu unga wa kahawia wa sfaleraiti, niudondoshee tindikali kidogo.

AKELLO: Mayai viza!

TUMWINE: Hiyo ndiyo salfa inayotoka, ikiiacha zinki katika tindikali. Fundi wa sauti, tafadhali tufungulie dirisha.