Swichi Isiyozimika: Kipindupindu Ndani ya Seli Moja

Mbukwenyi! Wazee wangu, akina mama, na ninyi wanafunzi mliokosa viti, asanteni kwa kuja.

Habari za choo na kunawa mikono mabwana afya wetu wa hapa Dodoma wamezisema vizuri. Mimi nataka tuingie ndani ya utumbo, mpaka kwenye seli moja. Wengi hudhani bakteria wa kipindupindu hutoboa utumbo. Hatoboi, wala ndani ya seli haingii. Anatuma sumu. Mwaka 1959, kule Calcutta, India, mtafiti Sambhu Nath De aliwachuja bakteria wote, na majimaji yaliyobaki bado yakaujaza utumbo wa sungura.

Sumu hiyo ni protini yenye vipande sita. Vitano hushika utando wa seli, cha sita huingia. Humo ndimo ilimo sehemu inayofanya kazi ya kimeng'enya. Inachukua NAD, kemikali ambayo seli zetu hutengeneza kwa vitamini B3, inaikata, kisha kipande kiitwacho ADP-raibosi inakibandika kwenye protini yetu, Gs. Yaani hata gundi ni mali yetu! Dondakoo na kifaduro nazo hubandika vivyo hivyo, kwenye protini nyingine. Ndiyo maana nawasihi msiruke chanjo za watoto.

Gs ni swichi. Kwa kawaida huwaka, kisha hujizima. Ikishabandikwa, haizimiki. Fikirini pampu ya kisima cha Makutupora inayosukuma usiku kucha, na tenki halipo. Seli inamwaga chumvi, maji yanaifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Sasa nisikilizeni hapa. Upo mlango mwingine wa seli, unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na maji yakafuata. Sumu haiugusi. Sukari iliyomo kwenye ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, si ya ladha, jamani. Ndiyo inayofungua mlango huo. Koroga pakiti kwa kipimo chake katika maji salama, mnyweshe mtoto kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda zahanati. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea. Aliyelegea kabisa anahitaji dripu, msicheleweshe.

Na ile ADP-raibosi iliyobandikwa kwenye swichi? Seli za utumbo huishi siku chache tu, kisha mpya hushika nafasi zao, swichi zikiwa nzima. Tunachokipigania ni maji ya kumvusha mgonjwa siku hizo.