Hii Dawa Inakushikilia Hadi Saa Ngapi?

Asanteni, sogeeni huku mbele jamani, sauti yangu si kubwa. Mimi nilitumia unga, yaani heroini, miaka tisa na sasa nakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka wa sita, kwa hivyo nitasema ya mwili wangu na ya wenzangu wa foleni, daktari ataongeza yake.

Wamama wananiuliza kila siku, si mmebadilisha tu sumu moja kwa ingine? Hapana mama. Heroini inaisha haraka, masaa machache tu makamasi yanatiririka, mifupa inauma, tumbo linakoroga, hiyo ndiyo arosto, na mtu akishikwa na arosto ataiba hata sufuria iko jikoni na ugali ndani. Methadoni inaisha polepole, ukiwekewa kipimo chako sawa kikombe cha asubuhi kinakufikisha kesho yake. Mimi silewi, naenda kazi.

Sasa kuchagua. Tangu hospitali ya Mathari hapa Nairobi ianze kutoa methadoni mwaka 2014, halafu kliniki ya Ngara, wengi wetu tumepewa ile iko. Lakini dawa si moja. Kuna buprenofini ya kuweka chini ya ulimi, yenyewe ikifika mahali fulani haiongezi nguvu tena, hatari ya pumzi kukatika ni ndogo kuliko methadoni. Shida ni kuanza, lazima ungoje arosto ianze kwanza, ukiharakisha unga ukiwa bado mwilini itakuangusha vibaya. Nimeona wenzangu wakiikataa kwa hilo tu. Naltreksoni nayo, ile ya kuzuia unga usikushike, inataka ukae wiki au siku kumi bila unga. Sisi wa mtaani hizo siku kumi tungezitoa wapi?

Na kuna mwenzetu anabeba magunia soko la Marikiti, kazi inaanza usiku. Yeye hakuwahi kuniuliza ni dawa gani ina nguvu, aliniuliza dirisha la dawa linafunguliwa saa ngapi na nauli ni ngapi kila siku. Huyo ukimpa dawa ya kupeleka nyumbani atakaa kwa matibabu, usipompa atapotea, na akipotea mwezi mmoja halafu arudie kipimo chake cha zamani cha unga, mwili umeshasahau, anaweza kufa. Hii mimi inaniuma sana.

Niseme moja yangu. Nilipata TB, nikaanzishwa tembe, baada ya wiki kama mbili arosto ikarudi, mchana tu natetemeka na jasho baridi mgongoni. Nikasema pale dirishani. Nikaambiwa unatumia pembeni wewe, pima mkojo. Mkojo ukatoka safi, bado hawakuniamini, nikatembea na hiyo aibu siku nyingi na karibu nirudi maskani kwa unga. Kumbe rifampisini, ile iko kwa tembe za TB, inafanya ini limalize methadoni haraka! Ilikuwa ni kuongeza kipimo tu, pole pole.

Aliyegundua ni sista mmoja mgeni. Alivuta kiti akakaa, hakuuliza kama natumia, aliuliza, "Kaka, hii dawa inakushikilia hadi saa ngapi?" Nikamwambia saa nane mchana. Akaandika saa nane kwa faili yangu, akaenda kumwita daktari.