Mvua, mwendokasi na kanda ya babu: tunamuongelea KMRU

Kaka M: Haya karibuni tena jamani, leo tuko Sinza kwa dada Z, mvua imetuwahi, kwahiyo mkiskia bati linalia huko nyuma msianze kukagua spika zenu, ni mvua hiyo, na mi nimefurahi imekuja maana inaingia kabisa kwenye mada.

Dada Z: Mada ni mvua?

Kaka M: Mada ni KMRU. Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi, kazaliwa 1997, ukitoa zile a mbili kwenye Kamaru zinabaki K, M, R, U, ndo jina lake la kazi. Anatengeneza muziki wa ambienti, yaani ni wa kielektroniki lakini hauna ngoma ya kukuchezesha, mara nyingi hauna hata mtu anayeimba, sauti zinakuja taratibu, zinakaa, alafu zinaondoka. Nlikutumia albamu yake ya Peel wiki iliyopita.

Dada Z: Ulinitumia, na mara ya kwanza nlizima. Mi mtoto wa Manzese kaka, nimekua na singeli dirishani, biti 200 na zaidi kwa dakika, sasa mwili wangu ukawa unasubiri ngoma iingie, haingii, dakika ya tano haijaingia, nikazima. Alafu Alhamisi niko kwenye mwendokasi natoka Kimara kwenda Kivukoni, jioni, tumejaa, nimesimama karibu na mlango, nikaweka hedifoni nikaanzia ule wimbo wa mwisho, unaitwa Peel hivohivo kama albamu, una zaidi ya dakika 20. Tumefika Magomeni hapo mlango unafunguka ule mlio wake, fyuuu, na mi nikashindwa kujua huo mlio ni wa basi au upo kwenye muziki. Nikatoa hedifoni nikaskiliza basi lenyewe. Miaka yote napanda lile gari sijawahi kuliskiliza.

Kaka M: Aisee! Hapohapo! Sasa we umefika penyewe bila kuelezwa na mtu.

Dada Z: Ila nieleze sasa anafanyaje, maana nliuliza dogo mmoja anayetengeneza biti akaniambia ni kelele tu imevutwa.

Kaka M: Kuvuta ipo lakini siyo hiyo tu. Jamaa anatembea na rekoda. Mtaani, porini, stendi, kwenye vyumba, anarekodi mahali palivyo. Akirudi anaingiza kwenye kompyuta, anachukua kipande kidogo cha sauti anakirefusha mpaka kinakua kama wingu, anachuja sauti za juu, anabakiza za chini, anaweka sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, juu yake kwa upole sana, tabaka juu ya tabaka. Kwahiyo ndege aliyelia sekunde mbili anaweza akageuka mvumo wa dakika nzima. Alafu kuna vitu anaviacha kama vilivyo, ndo maana ulichanganya mlango na muziki. Na mi nadhani kazi kubwa iko kwenye kuchagua. Kurekodi mtu yeyote anaweza, simu yako inarekodi. Kukaa masaa na sauti ya mahali mpaka ujue ipi ibaki, hiyo inataka masikio yenye subira.

Dada Z: Na Peel ilitoka lini?

Kaka M: Julai 2020, na lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ya Vienna inaitwa Editions Mego. Ebu kumbuka 2020 dunia ilivyokua, watu huko Ulaya walikua wamefungiwa ndani kwa corona, mtaa kimya, alafu inaingia albamu ya kijana wa Nairobi imejaa sauti za nje. Ilimfungulia milango mingi sana. Baada ya hapo akahamia Berlin, akasomea sanaa ya sauti pale chuo cha sanaa, akatoa kazi nyingi, na 2023 akatoa Dissolution Grip kwenye lebo yake mwenyewe, OFNOT. Lakini dada, hizo lebo na miji mi siyo zinazonigusa. Kinachonigusa ni babu yake.

Dada Z: Ee, hapo ndo nlikua nakusubiri.

Kaka M: Ni wajina wa babu yake, kwa ile desturi ya Wakikuyu mjukuu anabeba jina la babu. Na babu yake siyo mtu mdogo, ni Joseph Kamaru yule mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu, kazaliwa 1939, kaimba miaka na miaka, kaimba mapenzi, kaimba siasa, J.M. Kariuki, yule mwanasiasa wa Kenya, alipouawa 1975 mzee aliimba kuhusu kile kifo kipindi ambacho wengi walifunga midomo. Baadaye akaingia kwenye injili. Amefariki Oktoba 2018. Na mjukuu, huyu wa ambienti ambaye muziki wake haufanani hata kidogo na gitaa la babu, ndiye anayezitoa upya nyimbo za mzee kwenye Bandcamp, ule mtandao wa kuuzia muziki, za zile santuri na kanda za zamani, ili mtu leo azipate.

Dada Z: Kwahiyo mkono mmoja anarekodi mvua, mkono mwingine anamtunza babu.

Kaka M: Na mi naona ni kazi ileile. Maana angalia 2022, alitoa kitu kinaitwa Temporary Stored, humo ametumia sauti kutoka kwenye hifadhi ya lile jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, lile la Afrika ya Kati. Hapo zimehifadhiwa sauti za watu wa kwetu, nyimbo zao, ala zao, zilizorekodiwa enzi za ukoloni. Mtu kaimba kijijini kwake, sauti ikapanda meli, ikawekwa kwenye rafu ikapewa namba. Na wajukuu wa huyo mtu hawajui hata kama ipo. Kwahiyo kijana wa Nairobi anazichukua anazipa hewa tena.

Dada Z: (kimya kidogo) Unajua umenigusa. Babu mzaa mama alikua mpiga tarumbeta, bendi ya dansi hapahapa Dar, walirekodi studio moja mjini. Mama alikua anatuambia kuna wimbo babu anaingia peke yake katikati, bendi yote inanyamaza. Alipofariki babu, mama na mjomba wakaenda kuomba nakala. Wakazungushwa, njoo kesho njoo wiki ijayo, mwisho wakaambiwa ile kanda ilirekodiwa juu yake kitu kingine. Basi. Mama alirudi na daladala akakaa kibarazani hakuongea na mtu mpaka magharibi. Mi nlikua std five, nakumbuka ile sura mpaka leo, na inaniuma mpaka leo.

Kaka M: Pole sana dada'angu. Hukuwahi kuniambia.

Dada Z: Sikua na pa kuisemea. Ila hapa ndo tunapokosea, tunangoja mtu mwingine atutunzie.

Kaka M: Na mama bado anaikumbuka ile sehemu ya tarumbeta?

Dada Z: Anaiimba kwa mdomo! Akikaanga vitumbua anaiimba, paa-pa-raa, yote, mpaka pale babu anapovuta pumzi.

Kaka M: Dada Z! Sasa hiyo si ndo kanda yenyewe?

Dada Z: ...Ee.

Kaka M: Tumrekodi. Kwa kweli, twende tukamrekodi.

Dada Z: Twende Jumamosi. Mchana baada ya adhuhuri anakua ametulia. Ntafunga madirisha, ntazima friji na feni, maana ile feni yake inavuma balaa.

Kaka M: Ngoja kwanza kuhusu feni. KMRU ana kazi nyingine ya 2024, Natur, kipande kimoja kirefu. Alipohamia Berlin akagundua usiku wa kule ni kimya, wakati Nairobi umeme unavuma muda wote, nyaya, transfoma, taa. Akaanza kurekodi kwa maiki maalumu zinazonasa ule mvumo wa umeme ambao sikio la kawaida halishiki, akautengenezea muziki. Ukiuskiliza kwa sauti kubwa unaskia kabisa kama umesimama chini ya nguzo ya umeme.

Dada Z: Kwahiyo unasemaje, nisizime?

Kaka M: Friji zima kama inakukera. Madirisha acha wazi. Feni usizime. Hivo ndo mama anavyoimbaga siku zote.

Dada Z: Na vitumbua?

Kaka M: Mwambie akaange. Rekoda naileta mimi, na betri za akiba.