Kikao Kiwekwe Maji Mafu

Wahadhiri wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaokwenda mashamba, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia. Anayetaka kushirikiana na wakulima wa mwani atazame mwezi kwanza, ratiba ya chuo baadaye.

Bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji yetu hapa Zanzibar hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Na saa nne ndiyo watafiti wanayoitishia vikao, kwa sababu gari imetoka mjini saa mbili! Saa hiyo mama wa Paje au Jambiani yumo pwani, anafunga mbegu, yaani vipande vya mwani, kwa taitai, vile vikamba vidogo, anakaza kamba kwenye vigingi, anavuna mwani uliotimiza wiki sita. Maji hayamsubiri. Ukimtoa siku mbili za bamvua, mbegu aliyokwisha kuikata inaharibika, mwani uliokomaa unakatika unachukuliwa na mkondo, na bamvua nyingine ni baada ya wiki mbili. Kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba mwamko wa jamii ni mdogo. Mwamko gani? Watu walikuwa kazini.

Mtasema posho inafidia. Haifidii: posho ni ya siku moja, hasara ni ya mavuno. Wekeni kikao maji mafu, ambapo bahari haikauki vya kutosha kufanyia kazi. Mpitieni sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, mapema, lakini siku waichague kina mama wenyewe.

Halafu mrejesho. Kilimo hiki kipo tangu 1989. Mkulima anajua kwamba mwani aina ya kotonii hufa maji yakipata moto, na aina ya spinosamu huvumilia ila bei yake ndogo. Msimpelekee hayo kama ugunduzi. Mpelekeeni joto mlilolipima shambani kwake, mwezi kwa mwezi, karatasi moja ya Kiswahili, maandishi makubwa, ibandikwe ghalani. Na kipimajoto kibaki kule, pamoja na daftari na watu wawili waliofundishwa kukisoma. Mkiondoka nacho, vipimo vinakatika siku mradi unapokwisha.

Muda unaniishia, mkataba wa chuo na wakulima nitaugusa tu. Uandikwe data ni za nani, kipimajoto kikivunjika nani ananunua, na chuoni nani anapigiwa simu. Hapo andikeni cheo, msiandike jina. Mhadhiri akihamishwa, simu iendelee kupokelewa.